Sikio Kwanza au Karatasi Kwanza? Rai Kuhusu Kumtafuta Mwalimu wa Muziki

Mzazi wa mjini anapotaka mwanawe afunzwe piano au gitaa, huanza kwa kuulizauliza. Huwauliza majirani, humwuliza kiongozi wa kwaya kanisani, husoma vikaratasi vilivyobandikwa madukani, na siku hizi hupekua simuni. Akishapata majina mawili matatu hupiga simu, na maswali yake kwa kawaida hayazidi manne: mwalimu ana cheti gani, anatoza kiasi gani kwa somo, atafika nyumbani au mtoto atapelekwa kwake, na mtihani utafanywa lini. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, hakuna hata moja linalogusa jambo litakaloamua iwapo mtoto huyo atakuwa mwanamuziki au atakuwa mtu aliyewahi kusomea muziki. Swali lililosahaulika ni hili: katika somo la kwanza, mwalimu atamfanya mwanafunzi asikie nini?

Makala haya yanashikilia kwamba mwalimu afaaye kutafutwa ni yule anayeanza na sikio na sauti kabla ya kufungua kitabu. Yanashikilia vilevile kwamba suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani, maana idara zao nazo, pengine bila kujua, zina haja kubwa ya mwalimu wa muziki.

Masomo ya kwanza hayafanani. Yupo mwalimu ambaye hufungua kitabu, akaonyesha mistari mitano, akamweleza mwanafunzi kwamba noti hii huitwa C, kisha akamwelekeza kidole gumba juu ya kitufe chake. Nusu saa hupita mtoto akitazama karatasi, kidole, karatasi, kidole. Anaporudi nyumbani ana jambo la kumwonyesha mamake, nalo ni ukurasa. Yupo mwingine ambaye hakifungui kitabu kabisa. Huimba sauti moja, mtoto akaiiga. Huipandisha kidogo, mtoto akaifuata. Hupiga makofi kwa mdundo fulani, mtoto akaurudisha. Baada ya hapo ndipo humwacha mtoto aitafute kwa kidole sauti aliyokwisha kuiimba. Huyu naye hurudi nyumbani na kitu, ila hakionekani. Mzazi aliyelipa pesa zake huweza kudhani kwamba amepunjwa.

Ni rahisi kueleza kwa nini njia ya kwanza imetawala Nairobi na miji mingine ya Kenya. Ufunzaji wa muziki wa kibinafsi ulikua chini ya kivuli cha mitihani kutoka ng'ambo, hasa ile ya bodi ya Uingereza iitwayo ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889. Mitihani hiyo ina gredi 8, na kwa wazazi wengi kusema kwamba mtoto yuko gredi ya 3 ni sawa na kusema amefika darasa fulani. Yafaa kuitazama hesabu ya mtihani wa kawaida wa vitendo kama ulivyofanywa kwa miaka mingi. Alama zote ni 150. Nyimbo tatu zilizotayarishwa hubeba alama 30 kila moja; skeli hubeba 21; kusoma noti papo kwa papo hubeba 21; na majaribio ya sikio hubeba 18. Anayepata 100 amepita, na anayepata 130 hutunukiwa daraja la juu kabisa. Kwa hesabu tupu, basi, mwanafunzi asiyepata hata alama moja ya sikio angeweza kufika 132 na kupongezwa kwa ubora wa juu. Tangu mwaka 2020 ipo pia aina nyingine ya mtihani wa bodi hiyo ambapo mwanafunzi hurekodiwa akipiga nyimbo nne, na hapo majaribio ya sikio hayamo kabisa.

Mtu hufunza kinachotahiniwa. Mwalimu anayejua kwamba sikio lina asilimia 12 ya alama huliachia wiki mbili za mwisho, na miezi mingine yote hutumika kuzinoa nyimbo tatu. Ndiyo maana si ajabu kumkuta kijana wa gredi ya 5 ambaye, akiombwa katika arusi kuusindikiza wimbo ambao kila mgeni anaujua, huuliza noti ziko wapi. Palepale, mpiga kinanda wa kanisa la mtaani, asiyejua mstari wa kwanza wala wa tano, huuliza tu, "Mnaanzia wapi?" na wimbo ukaanza.

Pamoja na hayo, haifai kuugeuza mtihani kuwa adui. Mtoto wa Kisumu na mtoto wa London hupimwa kwa kipimo kimoja, na hilo si jambo dogo katika nchi ambamo cheo na kujuana vimezoea kuwatangulia wenye uwezo. Aidha, mtihani humlinda mzazi dhidi ya mwalimu mvivu anayeweza kupokea malipo kwa miaka mitatu huku mtoto akirudia wimbo uleule. Kusoma noti nako ni elimu halisi. Humfungulia mtu maktaba nzima ya watunzi ambao hatawahi kukutana nao. Kosa la njia hii ni mpangilio wake: huanza na mwisho.

Wengi wanaoukosoa ufunzaji wa vitabu hukimbilia kusema kwamba huo ni wa Kizungu, na kwamba Mwafrika hujifunza kwa kusikia. Hoja hiyo inapendeza masikioni lakini haisimami. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, alijenga mbinu nzima ya kufunza fidla juu ya wazo kwamba mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: husikia kwanza, huiga, hurudia, na kusoma huja baadaye. Katika mbinu yake mzazi huketi ndani ya somo, wala hamwachi mtoto mlangoni akaenda zake sokoni. Mhangari Zoltán Kodály naye alisisitiza kwamba sauti ya binadamu ndiyo ala ya kwanza, na kwamba mtoto aimbe kabla hajashika ala nyingine. Huko Uingereza kwenyewe, katika karne ya 19, John Curwen aliieneza mbinu ya solfa ambayo wamishenari waliibeba hadi Afrika. Mpaka leo kwaya nyingi za Kenya hufunzwa nyimbo kwa herufi za d, r, m, na mwanakwaya akapata kujua uhusiano wa sauti moja na nyingine hata kama hajawahi kuona mistari mitano. Sikio kwanza, basi, si suala la bara wala la rangi. Mwanafunzi yeyote aliyepita katika darasa la fonolojia anajua kwamba matamshi hutangulia maandishi. Ni ajabu kwamba anayekubali jambo hilo katika lugha hulisahau katika muziki.

Mafundi wa Afrika Mashariki wanalijua pasi na kulisomea. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8. Mpigaji huketi chini juu ya kigoda kidogo, huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ili aigonge ala, hufunga njuga mguuni, na huku mikono ikicharaza nyuzi mdomo unaimba. Hakuna namna ya kumfunza mtu ala hiyo kwa kidole kimoja na ukurasa mmoja. Mkono, mguu na sauti huja pamoja, na mwanafunzi hana budi kwanza kuusikia wimbo mzima mpaka umkae mwilini. Msanii wa Kijapani Eriko Mukoyama, ajulikanaye kwa jina la Kiluo la Anyango, alikwenda Siaya katika miaka ya 2000 kujifunza ala hiyo. Hakukuta ratiba ya nusu saa kila Jumamosi. Alikuta maisha ya boma, na somo lilikuwa ndani yake.

Pwani nako, sikio ndilo limekuwa shule. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Hata hivyo alizijua nyimbo za Kiarabu kwa kufunzwa na wanamuziki wa mjini, akaja kuimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sauti yake katika sahani za santuri. Kabla ya hapo taarab ya Kiswahili haikuwa imewekwa katika sahani kwa kiwango hicho. Ni vigumu kufikiria mtihani ambao ungempima siku anaingia mjini kutoka shamba.

Lakini msomaji asije akadhani kwamba makala haya yanaikweza njia ya kale bila kuona dosari zake. Zipo, tena nzito. Fundi wa kienyeji mara nyingi haelezi. Mwanafunzi akikosea huambiwa, "Siyo hivyo, rudia," naye hurudia mara kumi bila kujua kosa liko katika kidole, katika uzi, au katika pumzi. Wapo pia mafundi wanaoficha, wanaompa mwanafunzi nusu ya ujuzi na kuondoka na nusu nyingine kaburini. Na mlango wenyewe haukuwa wazi kwa wote. Nyatiti ilihesabiwa kuwa ala ya wanaume, na haikosi kushangaza kwamba mwanamke aliyekuja kuwa maarufu kwa kuuvunja mwiko huo alitoka Tokyo, ilhali mabinti wa Siaya waliolelewa na sauti ya ala hiyo walizuiwa kuishika. Atakayetaka mwalimu wa aina hii yampasa kuuliza waziwazi: je, binti yangu utamfunza kama unavyomfunza kijana? Na akikosea, utamweleza kwa nini?

Jaribio la kuzifunganisha njia hizi mbili lipo karibu, nalo ni chuo cha muziki cha DCMA kilichofunguliwa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2002. Huko udi, kanuni, fidla na ngoma vimefunzwa pamoja na usomaji wa noti, na wazee wa taarab wakakaa katika viti vya walimu badala ya kualikwa siku za sherehe tu. Wazo hilo linastahili kuigwa, ingawa nalo lina utata wake. Taarab ya kale iliyoathiriwa na Misri hutumia sauti ambazo katika piano hazipo, kwa kuwa zinakaa kati ya kitufe kimoja na kingine. Udi unazipata kwa sababu shingo yake haina vile vyuma vya kuigawa kama gitaa, na kidole huteleza kinapotaka. Ukiziandika sauti hizo kwa noti za kawaida bila alama za ziada, umeziua. Mwanafunzi aliyeanza na karatasi atazisikia kama kosa. Aliyeanza na sikio atauliza karatasi imekosea wapi.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Katika masomo mengi ya muziki nchini Kenya mwalimu ni Mkenya, mwanafunzi ni Mkenya, majina ya noti ni ya Kiingereza, maneno ya kasi na ya ukali wa sauti ni ya Kiitaliano, na Kiswahili hubakia lugha ya kukaripia. Huu ni msiba mdogo ambao hakuna anayeulilia. Si kwamba maneno hayapo. Yapo mahadhi na lahani, upo mdundo, yapo mapigo, kipo kiitikio, na wanakwaya hawana taabu kusema sauti ya kwanza na sauti ya nne. Wanaisimu nao wana kidatu na kiimbo ambavyo vimefungiwa madarasani ilhali mwalimu wa sauti angevitumia kila siku. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alionyesha kwa neno runinga kwamba istilahi inaweza kuchimbwa kutoka ndani ya lugha na ikakubalika hadi katika taarifa ya habari. Kazi ya namna hiyo katika muziki haitafanywa ofisini kwa kutafsiri kamusi ya Kiingereza. Itafanywa na mwanafunzi wa Kiswahili atakayeketi na mpiga udi wa Mombasa au Lamu na kuandika anasemaje anapolinganisha nyuzi, anaviitaje vidole vyake, na uzi unaponyong'onyea anautukana kwa neno gani.

Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko ya istilahi, nayo imekaa katika idara za Kiswahili zenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuhesabu mizani 16 katika mshororo bila kukosea. Anaweza kutenga ukwapi na utao, kubainisha vina vya kati na vya mwisho, na kueleza kwa nini shairi fulani ni mtiririko na jingine ni ukara. Mwombe auimbe ubeti mmoja wa utenzi kwa mahadhi yake, naye atacheka kwa haya. Wengine hawajawahi kuusikia ukiimbwa. Wamesoma juu ya wimbo kama mtu aliyesoma juu ya chumvi.

Hali hii ingemshangaza Amri Abedi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu kanuni za utungaji alishikilia kwamba lisiloimbika si shairi. Si lazima mtu akubaliane naye. Waliotetea mashairi huru walimjibu, na walikuwa na hoja zao. Yamkini, hata hivyo, mgogoro huo mrefu wa wanamapokeo na wanamabadiliko ungekuwa mfupi kidogo, au angalau wenye maana zaidi kwa wanafunzi wa leo, kama kila anayeushiriki angekuwa amesikia kwanza kile kinachobishaniwa. Mizani katika ushairi wa Kiswahili si hesabu ya silabi kwa ajili ya hesabu. Ni nafasi za kupumua na za kugeuza sauti. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipoyaimba mashairi ya Ahmad Nassir, vina vilikuwa mahali sauti ilipotua, na msikilizaji wa Mombasa asiyejua neno arudhi alikijua kina kilichopotea mara tu kilipopotea. Zein l'Abdin naye, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu na kufariki mwaka 2016, alikuwa maktaba ya mahadhi. Vyuo vilivyokuwa na fursa ya kumweka mbele ya wanafunzi kila muhula havikuitumia inavyostahili.

Kwa hiyo idara ya Kiswahili iko katika hali ileile ya yule mzazi mwenye simu mkononi. Inahitaji mwalimu wa muziki, na iko hatarini kuuliza maswali yaleyale manne. Swali la cheti ndilo litakalokuja kwanza. Itasemwa kwamba kanuni za ajira haziruhusu malenga asiye na shahada kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu. Pingamizi hili lina uzito, wala si haki kuwabeza wasimamizi wanaolitoa, kwani bila kanuni kila mkuu wa idara angemleta binamu yake. Hata hivyo, mwalimu wa kibinafsi hajawahi kuwa mwajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa somo. Mhadhiri wa ushairi abaki kuwa mwenye kozi na mtahini, na msanii aje kwa saa mbili kila wiki kama mwalimu wa sauti, kwa wiki sita au nane. Idara za muziki, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, hazina budi kuhusishwa, ili mahadhi yarekodiwe na yaandikwe kwa noti na kwa solfa baada ya kusikika. Chama cha wanafunzi chenyewe kinaweza kuanza kabla idara haijaamka. Fedha zinazotumika kwa fulana na keki za kongamano la kila mwaka zinatosha masomo kadhaa.

Namna ya kumchagua mwalimu huyo isiwe ya kusikia sifa tu. Aombwe somo moja la majaribio, na wanafunzi wawili watatu wakae naye. Atazamwe: je, anaimba yeye peke yake muda wote, au anawaimbisha? Mwanafunzi mwenye sauti mbovu anamcheka au anamtafutia sauti ya chini inayomfaa? Akiulizwa kwa nini mahadhi haya yanafaa utenzi huu na si ule, anajibu, au anasema ndivyo tulivyoyakuta? Jibu hili la mwisho si lazima limwondoe mtu. Linaonyesha tu kwamba mhadhiri atakuwa na kazi ya kueleza yale ambayo fundi anayatenda.

Na malipo. Wasanii wa Pwani wamezoea kuitwa vyuoni kwa heshima nyingi, wakapewa chai, picha na cheti cha shukrani, kisha wakajitafutia nauli ya kurudi nyumbani. Mwalimu wa piano mtaani Lavington hafunzi somo la pili kabla ya la kwanza kulipwa, na hakuna anayemwona mchoyo. Mzee wa mahadhi naye apewe karatasi ya makubaliano kabla hajapanda basi Mombasa: masomo ni mangapi, kila somo ni shilingi ngapi, atalala wapi, rekodi za sauti yake zitakuwa za nani, na fedha atazipokea siku gani.